Gari la Sola Linataka Mkono wa Birika, Si Jua Kali

Kila mafuta yakipanda bei, kuna msee lazima aulize: kwani ngumu iko wapi? Tuko kwa ikweta, jua tunalo la bure, si tuweke paneli juu ya Probox tuachane na petroli? Swali ni zuri. Limeulizwa na watu wenye akili nyingi kwa zaidi ya miaka 40, limekula mamilioni ya yuro na limefunga kampuni. Leo nataka tupitie hiyo historia polepole, kwa sababu naona watu wanaielewa nusu, na nusu nyingine ndiyo mtu atakuja kuuziwa ndoto alipe diposti.

Msimamo wangu nauweka mapema ndiyo tusizungushane. Jua halijawahi kuwa shida. Waliofaulu kuendesha gari kwa jua hawakufaulu kwa kupata jua zaidi, walifaulu kwa kuwa na mkono wa birika: walikataa kupoteza hata wati moja. Na waliofilisika hawakushindwa na jua pia. Walishindwa na bei.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina digrii ya kuwatisha nayo. Hesabu inayofuata ni ya kalkuleta ya simu.

Hesabu ya paa

Saa sita mchana, bila wingu, mita moja ya mraba ya ardhi inapokea wati 1,000 hivi za jua. Paneli nzuri ya leo inageuza kama 20 hadi 24 kwa kila 100 kuwa stima. Paa na boneti ya gari dogo, ukibana sana, inakupa mita 5 za mraba. Kwa hivyo gari lote, jua likiwa limekasirika, linakupa kama wati 1,000. Birika la stima la kuchemsha chai linakula kama wati 2,000. Yaani paa lako lote haliwezi hata kuchemsha chai kwa mwendo wa kawaida, na wewe unataka libebe watu watano na magunia ya viazi.

Tuendelee. Siku nzuri ya huku kwetu inakupa jua linalolingana na saa 5 za saa sita mchana. Wati 1,000 mara saa 5 ni uniti 5 za stima, zile zile uniti tunazonunua kwa token. Gari la stima la kawaida linakula kama uniti 17 kwa kilomita 100. Uniti 5 zitakupeleka kilomita 29 hivi. Utoke town, upite Ruiru kidogo, halafu usimame hapo ungoje kesho kuche. Na hapo sijahesabu vumbi, kivuli cha jengo la jirani, wala ule mwezi wa Julai wa Nairobi ambao jua tunalisikia tu kwa habari.

Una njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuongeza paa, na gari halina paa lingine. Ya pili ni kulifanya gari lile kidogo. Historia yote ya gari la sola ni hiyo njia ya pili.

Aliyeanza na deni

Miaka ya 1970 huko California kulikuwa na mhandisi anaitwa Paul MacCready. Alikuwa amemdhamini mtu wake wa karibu kwa mkopo wa biashara, biashara ikaanguka, na deni la karibu dola 100,000 likamgeukia. Kama umewahi kuona mzazi akikatwa mshahara kwa sababu ya mkopo wa sacco wa mtu mwingine, unajua hiyo hali.

MacCready akakumbuka kuna zawadi ya pauni 50,000 iliyowekwa na tajiri wa Uingereza, Henry Kremer, kwa yeyote atakayetengeneza ndege inayopaa kwa nguvu za mwanadamu pekee na kuzunguka njia yenye umbo la nane. Pauni 50,000 wakati huo zilikuwa kama dola 100,000. Deni na zawadi zilikuwa saizi moja.

Wengine walikuwa wanajenga ndege za kupendeza zinazochukua miezi kurekebisha zikianguka. Yeye akaenda kinyume: mabawa makubwa sana, uzito mdogo sana, mabomba membamba ya alumini, waya na plastiki nyembamba kama karatasi. Ikianguka, unaitengeneza haraka unajaribu tena. Agosti 1977 ndege yake, Gossamer Condor, ilishinda ikipaa kwa miguu ya mwendesha baiskeli, Bryan Allen. Mwaka 1979, Allen huyo huyo akakanyaga pedali akavuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa kwa ndege ya pili, Gossamer Albatross. Mwaka 1981 timu yao ikavusha nyingine juu ya maji hayo hayo, Solar Challenger, kwa nguvu ya paneli tu, bila betri yoyote ya kuhifadhi.

Fikiria hapo. Mwanadamu mwenye mazoezi anaweza kutoa wati 200 na kitu kwa muda mrefu. Anayejua kupaa kwa wati 200 anajua ubahili wa nguvu kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana gari la sola lilipokuja, yeye ndiye alitafutwa.

Bafu lenye magurudumu

Desemba 1982, Hans Tholstrup, mzaliwa wa Denmark anayeishi Australia, na dereva wa mashindano Larry Perkins walitoka Perth na gari lililokuwa kama bafu la kuogea lililowekwa magurudumu ya baiskeli na meza ya paneli juu yake. Lilikuwa linaitwa Quiet Achiever. Walipanga kuvuka bara zima hadi Sydney, zaidi ya kilomita 4,000, kwa jua tu. Walifika Januari 1983, baada ya siku 20.

Halikuwa gari la kupeleka date. Lakini lilithibitisha kitu, na Tholstrup akataka wengine waje kushindana. Mwaka 1987 akaanzisha mbio za World Solar Challenge: Darwin hadi Adelaide, kilomita 3,000 hivi, kukata Australia kutoka kaskazini hadi kusini, nguvu ni ya jua.

General Motors wakaingia, na kazi ya kubuni wakaipeleka kwa kampuni ya MacCready, AeroVironment. Gari likaitwa Sunraycer. Angalia walichofanya. Hawakutafuta paneli za miujiza. Paneli zilitoa kama wati 1,500 jua likiwa kali, chini ya birika letu. Walichofanya ni kukata kila kinachokula nguvu. Uzito ulikuwa chini ya kilo 300. Umbo lilikuwa kama tone la maji lililolazwa, kwa sababu ukiongeza mwendo mara mbili, upinzani wa hewa unaongezeka mara nne, na kwa barabara ndefu hewa ndiyo adui mkubwa. Dereva alilala chali ndani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa waliinama mpaka wakalala.

Sunraycer ilishinda kwa wastani wa kilomita 67 kwa saa, na ilimwacha namba mbili nyuma kwa siku mbili. Na kama unafikiri ni pesa ya kampuni kubwa tu ndiyo ilishinda, mbio zilizofuata mwaka 1990 zilichukuliwa na shule ya uhandisi kutoka mji wa Biel, Uswisi. Honda walikuwa nyuma yao.

Mjukuu ambaye hamjui babu yake

Hapa ndipo watu wengi wanaruka. Baada ya ushindi, GM waliwaambia wale wale mafundi: sasa tengenezeni gari la watu wa kawaida kwa akili hiyo hiyo. Bila paneli, la kuchomeka tu. Januari 1990 wakaonyesha gari la mfano, Impact. Mwaka 1996 likatoka kama EV1, gari la stima jembamba kwa upepo kuliko karibu gari lolote barabarani wakati huo.

GM walitengeneza EV1 1,117. Hawakuuza, walikodisha. Mradi ulipofungwa waliyachukua tena magari, mengi yakapondwapondwa na mashine, huku baadhi ya waliokuwa wakiyaendesha wakikesha nje ya uwanja wakiomba wauziwe. Wengine walikuwa tayari kulipa pesa taslimu. Yalipondwa tu. Mpaka leo hiyo sehemu inanikera.

Lakini ujuzi haupondwi. Mhandisi mmoja wa ile timu, Alan Cocconi, aliyetengeneza mitambo ya umeme ya Sunraycer na ya Impact, alienda kuanzisha kampuni ndogo iitwayo AC Propulsion. Wakatengeneza gari dogo la kasi la stima, tzero. Martin Eberhard aliliona hilo gari, akavutiwa, na mwaka 2003 yeye na Marc Tarpenning wakaanzisha Tesla. Elon Musk, ambaye wengi mnadhani ndiye alianza kila kitu, alikuja mwaka 2004 na pesa, naye pia akiwa ameendeshwa kwenye tzero.

Kwa hivyo ile Tesla unayoona TikTok ni mjukuu wa gari la sola. Urithi aliopewa si paneli, ni ubahili: jinsi ya kutopoteza stima njiani kutoka betri hadi gurudumu.

Wanafunzi walioshinda kila kitu isipokuwa soko

Mwaka 2013 mbio za Australia zikaongeza kundi jipya la magari yanayobeba zaidi ya mtu mmoja. Wanafunzi wa chuo cha Eindhoven, Uholanzi, wakaja na gari la familia linaloitwa Stella. Wakashinda. Wakashinda tena 2015, 2017 na 2019. Mara nne mfululizo.

Ukishinda hivyo, unaamini dunia inakungoja. Baadhi yao walianzisha kampuni mwaka 2016, Lightyear, wakisema watauza gari la sola. Na gari waliliunda kweli. Lightyear 0 ilikuwa na mita 5 za mraba za paneli, mota ndani ya kila gurudumu, na ilikula karibu uniti 10 kwa kilomita 100. Rudi kwa hesabu yetu: uniti 5 za siku sasa zinakupa kilomita 50 badala ya 29. Paneli ni zile zile. Gari tu ndilo limejifunza kula kidogo.

Bei? Yuro 250,000. Ukibadilisha hiyo kwa shilingi unapata nyumba, si moja. Uzalishaji ulianza Finland mwishoni mwa 2022. Januari 2023 ukasimamishwa na kampuni iliyokuwa ikilitengeneza ikafilisika. Waliobaki wakageukia kazi ya kuwauzia watengenezaji wengine paneli za magari.

Ujerumani, vijana wa Munich wa Sono Motors walienda njia ya mtu wa kawaida: gari linaitwa Sion, bei chini ya yuro 30,000, paneli kila upande wa bodi. Wenyewe walisema kwa jua la Munich lingepata kama kilomita 112 kwa wiki. Watu walilipenda. Makumi ya maelfu walijiandikisha, wengi wakatanguliza pesa. Kampuni ilichangiwa na umma zaidi ya yuro milioni 50 kwa kampeni moja. Februari 2023, mwezi mmoja baada ya wenzao wa Uholanzi kuanguka, wakatangaza Sion haitatengenezwa. Waliotoa diposti wakaanza kupanga foleni ya kurudishiwa.

Halafu kuna Aptera ya California, ambayo kwangu ndiyo inaelewa hesabu kuliko wote. Magurudumu matatu, watu wawili, umbo la pomboo. Lengo lao ni uniti 6 na kitu kwa kilomita 100, na wanaahidi mpaka kilomita 64 kwa siku kwa jua pekee. Kampuni ilianza 2006, ikafa 2011, ikafufuliwa 2019 na waanzilishi wale wale, ikiishi kwa michango ya watu wadogo wadogo. Imani yao naiheshimu. Lakini hesabu miaka kati ya 2006 na leo kabla hujatuma pesa mahali popote.

Unaona mfanano? Hakuna hata mmoja aliyesimama akasema jua limekataa. Kutengeneza gari moja la ajabu ni kazi ya wanafunzi 20 wenye bidii. Kutengeneza magari 10,000 yanayofanana kunataka kiwanda, leseni, majaribio ya ajali, na mabilioni kabla hujauza hata moja.

Jirani alijaribu

Msidhani hii ni hadithi ya wazungu tu. Mwaka 2011 timu ya Chuo Kikuu cha Makerere ilitoa Kiira EV, gari dogo la stima la watu wawili. Februari 2016, pale uwanja wa Namboole, wakaonyesha Kayoola, basi la abiria 35 lenye paneli juu ya paa na uwezo wa kwenda kama kilomita 80. Basi lina paa kubwa, kwa hivyo mtu angesema hapo ndipo paneli zinaingiana. Lakini basi pia ni zito. Kiira Motors walipoendelea na kazi ya mabasi ya mjini, walienda kwa basi la kuchomeka, na kiwanda chao kiko Jinja. Sioni hapo kushindwa. Naona watu waliofanya hesabu wakahamisha jua kutoka paa la gari.

Sasa sisi?

Rudi kwa zile wati 1,000. Juu ya gari la kawaida zinakupa kilomita 29. Juu ya Lightyear, 50. Sasa zitoe kwa gari uziweke juu ya paa la mabati, pale zinapoangalia jua siku nzima bila kutembea, bila kukwaruzwa, bila kuongeza kilo hata moja kwa chombo. Chini yake chomeka nduthi ya stima. Nduthi ya stima inakula kama uniti 4 kwa kilomita 100. Uniti 5 zile zile zinakuwa kilomita 100 na zaidi, hata ukitoa zinazopotea kwa kuchaji. Hiyo ni siku ya kazi ya mtu wa boda. Paneli tatu au nne zinabeba hustle ya mtu mzima.

Ndiyo maana nasema chombo chenye ubahili mkubwa zaidi wa nguvu hakijafichwa kwa maabara ya Uholanzi. Kinapiga honi hapo steji.

Najua mtu ataandika: "Na sisi tunaokaa kwa ploti? Landlord ataniruhusu niweke paneli kwa paa yake?" Hiyo hoja ni ya ukweli, na ndiyo sababu pekee inayonifanya nisicheke paneli za juu ya gari. Gari linaloegeshwa juani siku nzima, na mwenye gari hana pa kuchomeka, linaweza kufaidika na hata kilomita 20 za bure. Lakini kwa nduthi jibu limeshaanza kuonekana: betri za kubadilishana. Unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaenda. Paa linalohitajika ni la kile kituo, si la landlord wako. Vita vya kupigania basi ni hivyo: vituo vya kubadilisha betri viwe vingi, vitumie jua, na bei ya betri isimnyonge mwenye kuendesha.

Na kwa wale ndugu zangu wa jua kali walio na mashine ya kuchomelea na ndoto: msianze na paneli. Anzeni na kilo. Kila kilo mnayotoa kwa fremu, kila tairi linaloviringika kwa wepesi, kila kona ya bodi inayokata upepo, ni paneli ambayo hamkununua. MacCready alianza na waya na plastiki na deni la mtu mwingine shingoni.

Mwisho, kinga ya mfuko. Siku moja video itatrend ya gari la Kiafrika linalotumia jua, "hakuna kuchaji, hakuna mafuta, lipa diposti leo." Kabla ya kutuma hata bob, uliza maswali matatu. Lina kilo ngapi? Linakula uniti ngapi kwa kilomita 100? Na kiwanda cha kutengeneza la 1,000 kiko wapi, kimelipwa na nani? Akijibu la kwanza na la pili vizuri, huyo ni mhandisi, mshangilie. Asipojibu la tatu, mshangilie hivyo hivyo, lakini pesa yako ibaki kwa M-Pesa.